Mwalimu wa Yeriko na Tongo la Babu

Enzi mtaa wetu wa Igoma ulipokuwa unajengwa kwa fujo, ukichimba shimo la choo ulijua utapata wageni wawili: mvua na Mwalimu. Mvua ilikuja ilipotaka. Mwalimu alikuja kila siku. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, kofia ya pama imeshuka mpaka kwenye nyusi, akatazama ndani. Mafundi wasiomjua walidhani ni bwana afya, wakaanza kujitetea. Alipowaambia kwamba hakutumwa na mtu yeyote, waliogopa zaidi.

"Endeleeni tu, wanangu," aliwaambia. "Mimi natazama kuta."

"Kuta zipi, mzee? Si shimo hili?"

"Shimo nalo lina kuta. Huo mweusi wa juu ni udongo wa majuzi. Huo mwekundu haujawahi kuguswa. Sasa tazameni pembeni pale ulivyochanganyika. Hapo kuna mtu alichimba kabla yenu."

Shimo la kwangu lilimpa haki. Kwenye ile pembe mafundi walitoa vigae vya chungu, kipande cha jembe kilicholiwa na kutu, na mfupa wa ng'ombe. Mwalimu akachagua kigae kimoja, akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni na kunishukuru kwa heshima zote. Mke wangu, aliyekuwa anaanika michembe ya viazi vitamu, aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ni mzima. Nikamwambia anafundisha Agano la Kale. "Ahaa," akasema, akarudi kwenye michembe yake.

Mimi nauza spea za pikipiki kando ya barabara ya Musoma, na kwa muda mrefu nimekuwa balozi wa nyumba zetu, kwa hiyo watu wa mtaa nawajua kwa biashara na kwa ugomvi. Mwalimu nilimjua kwa vyote viwili. Alikuwa Mhaya, Mlutheri, mstaafu wa chuo kimoja cha Biblia, na nyumba yake ilitazamana na duka langu. Ujanani alipelekwa masomoni Nchi Takatifu, na likizo moja nzima akaimalizia kubeba karai za udongo kwenye machimbo ya mji wa kale. Wenzake walirudi na misalaba ya mti wa mzeituni na chupa za maji ya Yordani. Yeye alirudi na mwiko. Ulikuwa mwiko wa kawaida wa fundi uashi, ncha imelika upande mmoja, na ulikaa jikoni kwake ukining'inia juu ya masufuria. Mkewe aliwahi kuugeuzia chapati siku alipokosa kingine.

Jina la Mwalimu wa Yeriko alilipata kwenye darasa la Jumatano. Kila Jumatano alasiri alifundisha Biblia kanisani kwa yeyote aliyetaka, na mke wangu alinisukuma niende akiamini litanipunguzia mdomo. Siku ya Yoshua sura ya sita tulikuwa wengi. Tulisoma habari za kuuzunguka mji, makuhani, tarumbeta, kelele, kuta zikaanguka. Mwalimu akafunga kitabu taratibu, akavua miwani.

"Waliochimba Yeriko wamezikuta kuta," alianza, na watu wakasema amina. "Tena zilianguka kweli, na si mara moja." Amina nyingine. "Ila wengi wao wanasema hivi: kwa wakati ule ambao Yoshua angefika, mji ulikuwa umeshalala zamani. Hapakuwa na kuta za kuangusha."

Hiyo haikupata amina. Mama mmoja muuza dagaa, mcha Mungu sana, alinyoosha mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, tarumbeta walipiga bure?"

"Sijui, mama. Udongo nimeushika. Tarumbeta sikuzisikia."

Mwinjilisti wetu alisimama, akachukua Biblia yake, akatoka. Jioni hiyohiyo alikuwa kwa mchungaji. Mchungaji, mtu asiyependa vita, alikuja Jumatano iliyofuata akakaa benchi la nyuma mpaka mwisho. Hakulifunga darasa. Alilihamishia kwenye jiko la kanisa, kule wanakopikia pilau za harusi, akieleza kwamba kanisani pana ukarabati. Ukarabati huo hatukuuona. Tuliendelea kusoma Agano la Kale katikati ya masufuria makubwa, na Mwalimu alifurahi kwa sababu jikoni sakafu ilikuwa ya udongo na aliweza kuchora.

Alikuwa na majibu matatu. Ukimuuliza kama jambo fulani la Biblia lilitokea kweli, alijibu ndiyo, hapana, au bado. "Ndiyo" maana yake udongo umekubali. Hapana maana yake udongo umekataa. Bado maana yake udongo haujasema, na hilo ndilo lililotukera kuliko yote, kwa kuwa maswali mengi yaliangukia hapo. Ibrahimu? Bado. Musa? Bado. Wana wa Israeli laki sita jangwani miaka arobaini, bila kuhesabu wake zao na watoto? Hapo alikuna kidevu. "Mama mmoja tu akihama Igoma anaacha vyungu vilivyovunjika nyuma ya nyumba. Taifa zima limepita jangwani miaka arobaini, hata kigae hatujakiona. Kwa hesabu hiyo ya watu, hapana. Kwamba kuna watu waliotoka utumwani wakakumbuka, bado."

Ulimi wake haukuchagua mahali. Kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, mhubiri alisoma habari za mtumishi wa Ibrahimu aliyekwenda kumposea Isaka mke akiwa na ngamia kumi wa bwana wake. Mwalimu akaniinamia. Alidhani ananong'ona.

"Hao ngamia wamewahi," akasema. "Nchi ile walianza kuwafuga baadaye sana."

Safu tatu za mbele ziligeuka. Mkewe alimfinya paja hadi akashtuka, na bibi harusi naye akageuka kuona kuna nini. Kwenye pilau Mwalimu aliwaomba radhi wazazi wa pande zote mbili, ila hakusema kwamba ngamia hawakuwahi.

Mtu angedhani basi huyu mzee haamini kitu. Mfamasia wa duka la dawa la pale kona alidhani hivyo, akafurahi kupata mwenzake. Siku moja, akiwa anampimia dawa ya presha, akamwambia kwa kujiamini kwamba hata huyo Daudi ni hekaya tu, hakuna mfalme aliyewahi kuitwa hivyo. Mwalimu aliiacha dawa kaunta. Alimweleza habari za jiwe lililovunjika, lililoandikwa na maadui wa Israeli kwa lugha ya maadui, mfalme wao akijisifu kuwapiga watu wa nyumba ya Daudi.

"Adui hajisifu kwamba amempiga mtu ambaye hakuzaliwa," alifoka. "Umesoma dawa, jiwe hukulisoma. Sema bado!"

"Mwalimu, mimi nilikuwa natania..."

"Sema bado!"

Mfamasia akasema bado. Nilikuwepo, nimekwenda kununua panadoli. Siku hiyo Mwalimu alitueleza pia habari za mfereji uliochongwa chini ya mwamba pale Yerusalemu, mafundi wakianza pande mbili na kukutana katikati, kama Biblia inavyogusia mambo ya mfalme na maji ya mji. Alikuwa ameupita mwenyewe, maji yakimfika magotini, akagonga kichwa akatoka na nundu. Nundu ile, alisema, ni ndiyo. Na alikuwa na hoja nyingine aliyoipenda: kwamba watu wale waliandika mfalme wao mkubwa kaiba mke wa askari wake, akamuua mwenye mke. "Mtunga uongo hujitungia sifa," alisema. "Nani wa ukoo wenu anawahadithia kwamba babu alikuwa mwizi wa wake?"

Sikuwahi kumwelewa sawasawa, na sidhani alitaka aeleweke. Alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba kwa sauti, majirani wakasikia majina yao. Zaburi alizijua kwa kichwa. Habari za Yusufu kujitambulisha kwa ndugu zake hakuwahi kuzimaliza bila kulia, ingawa Yusufu naye alikuwa kwenye bado. Kwaya ilipoimba kuta za Yeriko zimeanguka, sauti ya besi iliyosikika kuliko zote ilikuwa yake, na miguu akiirusha juu. Nilipomuuliza akaniambia wimbo si shimo. Alikula ndizi kila siku ambayo zilipatikana sokoni, na zisipopatikana alikula ugali kwa uso wa mtu aliye kifungoni.

Aliyemmudu alikuwa mkewe. Sisi tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa Msukuma wa huko mbele ya Kisesa unapoelekea Magu, muuguzi mstaafu, mnene, mcheshi, kicheko chake kikivuka barabara mpaka dukani kwangu. Alipenda kusema kwamba mume wake angekuwepo asubuhi ile ya Pasaka asingeuliza Bwana yuko wapi, angeuliza kaburi limechimbwa kwenye udongo wa namna gani. Mwalimu akisikia alitabasamu na kusema ni swali zuri.

Ni yeye aliyenihadithia habari za tongo. Wasukuma husema itongo: mahali palipokuwa na kaya, watu wakahama. Nyumba za udongo zinarudi kuwa udongo, lakini minyaa ya uzio inabaki, inarefuka, na ukiona duara la minyaa porini unajua hapa watu waliishi. Kwao kuna kilima chenye tongo la namna hiyo. Katikati pana rundo la mawe, na ukoo wao wote husema chini ya mawe yale amelala babu yao wa kwanza, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka mbali, akazikwa ameketi, amefungwa katika ngozi ya fahali mweusi. Kila baada ya mavuno walipanda na kibuyu cha pombe, Wakatoliki kwa wasio na dini. Kidogo walimimina juu ya mawe, iliyobaki wakainywa wenyewe.

Mwalimu alipooa, baba mkwe wake alisikia kwamba huko mkwe alikosoma wanafukua wafalme wa kale. Akataka wa kwake naye afukuliwe, waliosema ukoo wao ni wa wahamiaji tu wafunge mdomo. Mkwe kushika mwiko kwenye kaburi la babu wa mkewe ni jambo ambalo Msukuma akilisikia hushika kichwa, lakini mzee aliamua, pombe ikamiminwa, na Mwalimu akaanza.

Alichimba likizo nzima. Aliyasogeza mawe moja moja, akakumbuka lilipokuwa kila moja, akashuka kwa mwiko mpaka shimo likamfika kiunoni. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, mmoja toka juu hadi chini. Mfupa hakuukuta, na hilo halikumsumbua, kwa kuwa udongo mwingine unakula mifupa. Yeye alitafuta shimo. Alikuwa na msemo ambao darasani aliurudia hadi tukauchoka: mfupa huoza, shimo haliozi. Ardhi ukiichimba na kuifukia, udongo wake haurudi tena kuwa ulivyokuwa, na mwenye jicho atauona hata ipite miaka elfu. Chini ya mawe yale hapakuwahi kuchimbwa kaburi, la babu wala la mtu mwingine.

Akafukia, akarudisha mawe. Baba mkwe alikuwa anamsubiri chini ya kilima na kiti cha pili.

"Umemwona?"

"Nimechimba kidogo tu, baba," akajibu Mwalimu.

Ukweli alimwambia mkewe, wakiwa njiani kurudi. Mama Mwalimu akamwambia neno moja: usimwambie baba. Hakumwambia. Baba mkwe alikufa, na babu akabaki chini ya mawe yake. Mama Mwalimu alipokuwa ananihadithia hayo jikoni kwake alicheka hadi akafuta macho kwa khanga. "Mume wangu amenyamaza mara moja tu maishani mwake," alisema, "na ni kwa ajili yangu."

Halafu akaugua, ugonjwa wa tumbo usiosikia dawa. Yeye aliyewauguza wengi aliujua kabla ya daktari kuutaja, na akatoa agizo moja mbele ya watoto wake na mbele yangu: azikwe kwenye tongo, kwa babu yake.

Kwa asiyejua Wahaya agizo hilo ni dogo. Mhaya huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya baba yake, hata kama amefia ughaibuni, na mke wa Mhaya hulala hapohapo kwa mumewe. Usukumani nako aliyetolewa ng'ombe ni wa kwa mume. Kumrudisha mke kwao ni kumtangazia kila mtu kwamba ndoa ilikuwa na kasoro. Sababu pekee ambayo pande zote zingeweza kuimeza ni kwamba anamfuata babu yake. Na Mwalimu alijua kwamba babu hayupo.

Mama Mwalimu alifariki asubuhi, na kaka mkubwa wa Mwalimu akaja kwa meli kutoka Bukoba na jamaa zake, wamevaa makoti. Kikao kilikaa alasiri ya siku ya pili chini ya turubai mbele ya duka langu, na mimi kama balozi nilikaa katikati. Upande mmoja kaka. Upande mwingine baba mdogo wa marehemu, mzee mwembamba mwenye fimbo, aliyebaki kichwa cha ukoo.

"Sisi hatukuja kugombana," alianza kaka. "Shemeji yetu tulimtolea ng'ombe, akatuzalia, akamtunza ndugu yetu. Mahali pake kibanjani papo, kando ya mama yetu. Mnataka tuwaambie nini watu wa kule? Kwamba tulimfukuza?"

"Hamkumfukuza, waitu," alijibu baba mdogo, akiazima neno la heshima la Kihaya, na wageni wakatabasamu kidogo. "Binti ametaka arudi kwa babu yake. Neno la maiti halipingwi."

"Sawa. Lakini anayerudi hurudi kwa mtu. Huyo babu yupo?" Kaka akamgeukia Mwalimu. "Maana wewe, ndugu yangu, uliwahi kuniambia ulichimba pale. Ulichokuta hukuniambia. Sasa niambie mbele ya wazee. Yupo mtu pale, au hayupo? Akiwepo, nakunja mkeka wangu."

Turubai zima lilimtazama Mwalimu. Nitasema nilivyojisikia: niliomba kwa moyo wangu wote adanganye. Ndiyo moja tu, na mama wa watu angelazwa alipotaka. Au hata bado. Bado ingetosha, lilikuwa neno lake, hakuna ambaye angemshuku. Lakini bado maana yake udongo haujasema, na yeye ule udongo ulimwambia.

Akavua kofia.

"Hapana," akasema. "Nilichimba mpaka kiunoni. Pale hapajawahi kuchimbwa kaburi."

Kaka aliinamisha kichwa, nadhani hata yeye alitamani jibu jingine. Nami nilimchukia Mwalimu kwa muda kidogo, nakumbuka vizuri.

"Sijamaliza," alisema Mwalimu. "Mke wangu alijua tangu siku ile. Juzi juzi hospitalini nilimkumbusha. Nikamwambia, mama, pale unapotaka kwenda hakuna mtu. Akaniambia, basi nitakuwa wa kwanza." Akairudisha kofia kichwani. "Hayo ndiyo niliyoyakuta. Amueni ninyi."

Baba mdogo akagonga fimbo chini, na nilishangaa kuona kwamba anacheka.

"Mkwe," akasema, "wewe unadhani sisi hatukujua? Ulipanda kilima unaongea, ukashuka huongei. Wewe! Ungemwona babu, kwa huo mdomo wako, Magu nzima ingesikia kabla ya jua kuzama. Kaka yangu alikuuliza umemwona, ukasema umechimba kidogo. Akaja nyumbani akaniambia, mdogo wangu, mkwe hakumwona, tusimuulize tena, atatuambia."

"Sasa mbona mliendelea kupeleka pombe?" aliuliza kaka wa Bukoba, naye kwa nia njema.

"Tungepeleka wapi?"

Kaka akasimama, akaenda akakaa karibu na mdogo wake, akamshika goti. "Alisema atakuwa wa kwanza?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi azikwe hapo. Watu wa kule nitawajibu mimi." Kisha akamuuliza: "Na wewe? Utalala wapi?"

"Bado," akasema Mwalimu.

Tulimzika kesho yake. Vijana wa ukoo walichimba hatua chache tu kutoka kwenye mawe, na Mwalimu alisimama ukingoni, mikono nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kama nilivyomwona kwenye kila shimo la choo la Igoma. Hakusema kitu kuhusu kuta. Zilikuwa nyekundu, ngumu, hazijaguswa, hata mimi niliona. Baba mdogo naye akasogea, akachungulia chini kwa muda, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mmeona?" akawaambia vijana. "Babu kasogea kumpisha."

Watu wakacheka, hapohapo kaburini, na mchungaji akasubiri wamalize. Kaka wa Bukoba alikuwa ameagiza chipukizi la mgomba kutoka kibanjani, likaja na gari la mizigo, likapandwa upande wa kichwani. Kila mtu pale alijua kwamba mgomba juu ya kile kilima chenye kiu hauwezi kuishi. Waliupanda.

Tangu hapo Mwalimu alionekana Igoma kwa nadra. Darasa la Jumatano aliliachia mwalimu mwingine, kijana mpole, anayesema ndiyo kwa kila kitu, na mwinjilisti amerudi, na darasa limerudi kanisani. Mimi siendi tena.

Mara ya mwisho nilipokaa naye nilikuwa natoka Magu kupeleka spea. Nikaona minyaa, nikasimamisha pikipiki, nikapanda kilima. Nilimkuta amekonda, ameshika dumu la maji, anamwagilia mgomba. Ulikuwa umebaki na jani moja lililochanika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mabalozi wa Igoma bado wapo?"

Shemeji yake alikuwepo, binti wa baba mdogo, anayelima dengu pale chini na kumpikia. Alinipa kigoda, akanieleza kaburi kama anavyowaeleza wageni wote wanaopanda pale, maana hakujua kwamba nilikuwepo.

"Dada yetu ndiye huyu. Na pale kwenye mawe ndipo alipokuwa babu. Siku ya kumzika dada, vijana walipofika chini wakamkuta, ameketi vilevile, ngozi ya fahali bado mabegani. Wakaogopa, wakataka kukimbia. Ndipo babu akasogea mwenyewe akampisha mjukuu wake. Watu wote waliona."

Nilimtazama Mwalimu. Nilingoja. Huyu ni mtu aliyewasahihisha ngamia kwenye harusi. Hata mwaka haujakatika, na shimo aliloliangalia kwa macho yake lilikuwa limeshapata babu, ngozi na mashahidi. Aliliweka dumu chini.

"Balozi, siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

"Udongo mwekundu, Mwalimu."

"Haujaguswa?"

"Haujaguswa."

"Vizuri. Usije ukasahau hilo. Mimi nikiondoka utabaki wewe." Akanishika bega kwa nguvu zaidi ya nilivyotegemea kwa mtu aliyekonda vile. Kisha akamgeukia shemeji yake, akavua miwani, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Na babu," akauliza, "alipomwona anafika, alimwambia nini?"

Shemeji hakusita hata kidogo. "Alimwambia karibu, mwanangu. Umechoka. Kaa hapa."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Akarudisha miwani, akamimina maji yaliyobaki kwenye mgomba, akaniomba nimsaidie kulishusha dumu kilimani.